Ugonjwa Usio wa Jina Letu

Binti yangu anaitwa Watiri kwa sababu mama mkwe wangu anaitwa Watiri, na huku Nyeri jambo hilo halina mjadala. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Mimi Benter, binti ya Wandera wa Busia, nilibeba mimba, nikapasuliwa, na nilipozinduka nikakuta mtoto ameshaitwa. Sikugomba. Kwetu pia majina hurithiwa. Ila hapa mtu akipewa jina amepewa mtu mzima, pamoja na meno yake na hasira zake. Mume wangu Mutahi humwita binti yake "maitu", yaani mama yangu, na hatanii. Mtoto alipokuwa mdogo alimwambia baba yake miguu yake inanuka, na Mutahi alikwenda kuiosha bila neno. Mimi nikimwambia hivyo tunanuniana hadi Jumapili.

Mama mkwe anakaa Endarasha, kwenye viazi na kabichi zake, na sote tunamwita Cucu, kama wanavyoitwa nyanya wote wa huku. Kila tulipomtembelea alimkagua mtoto kama mwenye mali. Mwanya wa meno, wake. Sauti ya kuimba, yake. Kukataa kuamka asubuhi, hiyo ya mama yake. Mazuri yote yalitoka Endarasha na mabaya yote yalipanda basi kutoka Busia.

Kisha Tiri, maana mimi humwita hivyo ili nisichanganye watu wangu, akaanza kukohoa akiwa gredi ya tatu. Kifua kikawa kinapiga mluzi kila baridi ikishuka kutoka mlimani. Daktari akasema ni pumu, akatuandikia pampu mbili za kuvuta, ya kahawia ya kila siku na ya bluu ya kufungua kifua kikibana. Tulipompelekea Cucu habari, akaweka kikombe chini polepole.

"Hiyo si ya jina letu," akasema. "Sisi hatuna mambo ya kifua. Labda ni ya huko kwenu, kwa ziwa."

Ati kwa ziwa. Mtoto amezaliwa Nyeri, amelelewa kwa maziwa ya Nyeri, na Busia anaijua kwa Krismasi tu. Nilimtazama Mutahi aseme kitu. Mutahi akakumbuka kwamba gari lilihitaji maji.

Basi tukaishi hivyo. Nyumbani kwetu mjini pampu zilikaa juu ya friji, mtoto anavuta, anacheza, anashinda mbio za shule. Endarasha pampu zilikaa ndani ya mkoba wangu, na mtoto akibanwa tulitoka naye nyuma ya zizi kama wezi. Nilikubali hilo kwa ajili ya amani. Nilijua ni ujinga, lakini Cucu alikuwa mzee, na nikadhani ujinga wake hauna meno.

Mwaka huu Tiri akapata nafasi gredi ya saba, shule ya bweni upande wa Kieni, si mbali na kwa Cucu. Kieni kuna baridi ya kukata masikio alfajiri, na jua likitoka vumbi linaamka. Moyo wangu haukutulia. Jumapili ya mwisho kabla ya kufungua shule, kanisani kwetu huwa kuna maombi ya wanafunzi, na mwaka huu chama cha kina mama kilimwalika Nikita atoe mawaidha kwa wazazi. Nikita ana duka la dawa mjini, alilirithi kwa baba yake, na anaongea Kikuyu kunishinda mimi. Watu wanampenda kwa sababu hakuuzii dawa usiyohitaji.

Alisimama mbele na viatu vyake vya raba, hana hata karatasi. Akasema mtoto alale mapema wiki nzima kabla ya shule, si siku moja. Akasema viatu vinunuliwe vya mguu alio nao, si vya mguu mtakaomwombea. Watu wakacheka. Kisha akatoa pampu ya bluu, akaitikisa, akaonyesha namna ya kutoa pumzi kwanza, kuvuta polepole, na kuizuia ndani.

"Hii iwe na mtoto, mfukoni mwake," akasema. "Mwalimu ajue, matroni ajue, jirani wa kitandani ajue. Mkumbuke jambo moja. Mtoto asipelekwe shuleni na siri. Mtoto hana nguvu za kubeba siri ya mtu mzima."

Mchungaji akaongeza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kanisa zima likaitika amina. Cucu alikuwa amekuja siku hiyo kumwombea wajina wake. Aliitika amina kwa sauti, lakini alikuwa ameketi nyuma ya nguzo, yeye ambaye siku zote hukaa mbele. Nilidhani ni miguu inamsumbua.

Baada ya ibada nilimfuata Nikita kumshukuru. Akanishika mkono. "Benter, haya mambo ya kifua hupita kwenye familia. Ulizeni nyumbani. Ulizeni vizuri." Nikamwambia kwetu hakuna. Akaniangalia kidogo, akasema basi ni sawa, akaenda zake. Sasa najua kwamba mwenye duka la dawa ana kiapo chake, na alikuwa amenifikisha hadi pale kiapo kilipomruhusu.

Mimi ni koplo wa polisi. Siku za kufungua shule sisi hatupewi ruhusa hata ukilia damu, kwa sababu barabara zote zimejaa magari ya wanafunzi na kila dereva amechanganyikiwa. Kwa hivyo nilimfungashia Tiri sanduku kwa mikono yangu. Pampu mbili na za akiba, kila moja na jina lake. Barua ya daktari ya kumpa matroni. Sweta. Nikamketisha kitandani.

"Ukibanwa utafanya nini?"

"Nitaketi wima, nitavuta ya bluu, nitaambia mtu."

"Utaambia nani?"

"Yeyote, mum. Umeniuliza hii kitu tangu Krismasi."

Nikampa Mutahi maagizo kama ninayompa konstebo mpya: barua mkononi mwa matroni, pampu ya bluu mfukoni mwa mtoto, usiondoke kabla hujaona. Akasema ndiyo, ndiyo, mimi si mtoto. Nikavaa sare yangu nikaenda kusimama barabarani. Siku nzima nilichungulia ndani ya magari ya watu, nikawaambia kina mama wengine mfungeni mtoto mkanda, mwe na safari njema, na wangu akapita njia nyingine bila mimi. Jioni nikampigia Mutahi. "Kila kitu kiko sawa," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini mtandao wa Kieni nao si wa kuaminika.

Jumamosi iliyofuata asubuhi, mwalimu akanipigia nikiwa kituoni. Wasichana walikuwa wakifagia bweni, wametoa magodoro nje, wamepiga mablanketi, vumbi limejaa, na Tiri ameanguka. Gari la shule lilikuwa linamleta hospitali mjini. Nikauliza, amevuta pampu? "Pampu gani, mama?"

Sijui nilivyofika. Nilimkuta amefungwa kinyago cha mvuke, kucha zimekuwa rangi ya zambarau, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayechota maji kisimani na kamba imemzidi. Hakuwa na nguvu ya kulia. Daktari, kijana mmoja mwenye heshima, aliniambia wamemwahi, ila kwa kidogo sana. Wangechelewa kwenye ile barabara mbovu, tungekuwa tunaongea mengine. Akauliza kwa nini mtoto mwenye pumu ya muda huo wote anapelekwa bweni bila dawa. Aliniuliza hivyo mimi, na sare yangu, mbele ya manesi. Nilitamani kumpiga mtu.

Matroni ndiye aliyekuja na mtoto, mwanamke wa makamo, amejiinamia. Akaniambia wazi. "Mimi niliuliza langoni, mama. Mimi huuliza kila mzazi kwa mdomo wangu: kuna mwenye ugonjwa? Nyanya yake akanijibu. Akasema hakuna, huyu ni wa jina langu, na mimi niko na afya. Baba alikuwa amesimama hapo hapo."

Mutahi alipotokea mlangoni sikumpa nafasi ya kuketi.

"Ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Benter, sikia."

"Nasikia."

Tulikuwa tumepitia kwa mama, akasema. Mtoto hawezi kwenda bweni bila baraka, hata wewe unajua. Mama akamtemea mate kidogo viganjani kama desturi, akamwombea, kisha akasema anataka kumpangia sanduku vizuri, wawili peke yao chumbani. Halafu akasema anakuja nasi hadi shuleni. Kule langoni alipojibu vile, yeye Mutahi alishtuka. Lakini angefanyaje? Angemkatiza mama yake mbele ya watu, mbele ya mtoto mwenye jina lake? Alidhani pampu zimo tu ndani ya sanduku.

"Ulidhani."

"Ni mama yangu, Benter."

"Na huyu?" Nikamwonyesha kitanda. "Si unamwita mama? Huyu naye umemsaidiaje?"

Akafunika uso. Na afunike. Nimeolewa na mwanamume mpole, kila mtu huniambia nina bahati, na siku hiyo niliuchukia huo upole kuliko kitu chochote duniani. Sanduku lilikuja na gari la shule, nikalifungua mimi mwenyewe. Pampu hamna, barua hamna. Mahali pake palikuwa na chupa ya asali, mafuta ya kujipaka kifuani, na fulana ya sufu iliyofumwa kwa mkono. Fulana yenyewe ilikuwa nzuri, imefumwa kwa upendo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Tiri akatoa mkono chini ya blanketi, akanivuta mkono wa shati. Akasogeza kinyago. "Mum, usiambie cucu nimelazwa." Nikamwambia asiongee. Akaongea. "Alisema mtu wa jina lake hawezi kuwa mgonjwa. Alisema nikivuta mbele ya watu nitamwaibisha. Mimi nilijaribu kupumua pole pole."

Alijaribu kupumua pole pole. Sasa niambieni, mtoto anaambiwa hivyo, angefanya nini? Nikamrudishia kinyago, nikambusu, nikatoka nje kabla hajaona uso wangu.

Mutahi alikuwa ameshampigia mama yake, na Cucu alikuwa njiani. Wodi iko ghorofani. Nikaamua nitamngoja kwenye ngazi, maana yale niliyotaka kumwambia hayakuwa ya kusemwa karibu na mgonjwa. Nilikuwa nimeyapanga yote, kuanzia ziwa hadi asali. Ningemwambia asikanyage kwangu tena. Ningemwambia achukue jina lake, nami nimpe mwanangu jina la mama yangu.

Nikashuka hadi pale ngazi zinapokata kona, na hapo nikamkuta. Hakuniona. Alikuwa ameegemea ukuta, amenipa mgongo, kitambaa cha kichwa kimelegea, mabega yanapanda na kushuka. Niliyajua yale mabega. Nilikuwa nimetoka kuyaona kitandani. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akakifungua, na ndani yake mlikuwa na pampu ya bluu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ameiba ya mtoto. Lakini hii ilikuwa kuukuu, rangi imechujuka pale dole gumba linapokaa. Akaitikisa. Akatoa pumzi yote. Akavuta polepole, akaizuia, akahesabu kwa vidole, akaachia. Mtu hajifunzi hivyo kwa siku moja. Hata Nikita kanisani hakufanya vizuri kama yeye.

"Cucu," nikasema.

Akageuka. Hakujaribu kuificha, nguvu za kuficha zilikuwa zimemwishia kwenye ngazi.

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa msichana," akasema. "Pampu ni ya juzi juzi. Mbeleni sikuwa na kitu."

"Mutahi anajua?"

"Hata baba yake alikufa kama hajui."

Akaketi kwenye ngazi, na mimi, na hasira yangu yote, nikajikuta nimeketi kando yake. Akaniambia kwamba siku zake, msichana akijulikana ana kifua hakuna mtu angemwoa. Atabebaje kuni? Atapandaje na mtungi kutoka mtoni? Walimrudisha kwao dada yake mkubwa kwa sababu hiyo, na mtoto mgongoni. Kwa hivyo yeye alijifunza. Alikwenda mtoni wa kwanza kabisa, kabla ya wengine, ili aketi njiani bila kuonekana. Akibanwa aliingia shambani kwenye mahindi. Aliimba kanisani mistari mifupi.

"Mtoto alipozaliwa na mkampa jina langu, nilifurahi, Benter. Halafu nikaogopa. Ukaniletea hiyo habari ya daktari. Mimi nilijua imetoka wapi. Nilijua saa hiyo hiyo." Akafuta macho kwa kile kitambaa cha pampu. "Mimi nilimpa jina. Sikutaka nimpe na hii."

Huruma ilinijia, sitaki kudanganya. Ilinijia na ikanikuta nimejaa.

"Hii ulishampa, Cucu," nikamwambia. "Ulichomnyima ni dawa."

Nikasimama, nikamwambia twende. Nikamwambia nataka jambo moja tu kutoka kwake na sitadai lingine maisha yangu yote: aingie pale, amwonyeshe mtoto pampu yake, aseme hii ni yangu, mimi pia navuta. Basi. Maneno mafupi kama mistari yake ya kanisani. Mtoto akiona kwamba Watiri mkubwa anavuta, Watiri mdogo atavuta mbele ya shule nzima. Akitoka hapa na ile aibu, atabanwa tena siku nyingine, atakwenda kujificha mahali apumue pole pole, na siku hiyo hakuna atakayemwahi. Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Nikamshika mkono tukapanda.

Tiri alipomwona akavua kinyago kabisa. Akajikaza kuketi. "Cucu, mimi si mgonjwa," akasema, sauti ikitoka vipande vipande. "Ni vumbi tu."

Nikamngoja Cucu. Mutahi alikuwa amesimama dirishani, hajui kitu. Nesi alikuwa kitanda cha pili anafunga bendeji. Wagonjwa wanatazama, maana watu wa wodini hawana la kufanya.

"Najua, maitu," Cucu akasema. "Wewe uko na nguvu. Wewe ni mimi."

Nikafungua mkoba wake mwenyewe. Ndiyo, nilifungua mkoba wa mama mkwe wangu mbele ya mwanawe, na kama kuna mila ya kunilaani kwa hilo, inilaani. Nikatoa pampu nikaiweka juu ya blanketi.

Tiri akaitazama. "Cucu, hiyo ni yako?"

Cucu akamtazama Mutahi. Akamtazama nesi, akatazama vitanda vyote, na mimi nikajua atakalosema kabla hajalisema.

"Si yangu. Ni ya jirani. Nimemshikia."

Hapo kifua chake kikasikika. Ngazi zilikuwa zimemshinda, dawa haijashika. Kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba, unapanda, unakatika, unapanda tena. Mutahi akageuka dirishani taratibu. Alikuwa ameusikia mluzi ule miaka yote kwa binti yake, na sasa ulikuwa unatoka kwa mama yake, na nikaona uso wa mume wangu ukizeeka. Tiri aliinamisha kichwa kidogo, anasikiliza, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua.

Halafu mwanangu akaichukua pampu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, ameelewa. Akaitikisa kama nilivyomfundisha. Akaangalia kama nesi amegeukia upande huu. Akavuta blanketi juu likawa kama pazia kati yao na watu, akamwinamia nyanya yake na kumwekea pampu mkononi.

"Vuta tu, cucu," akamnong'oneza. "Mimi sitaambia mtu."